Abul-Qasim Az-Zahrawi na Jeraha za Matumbo

Mtu akipasuliwa tumbo hospitali, jamaa zake wakaja kumtazama, jambo la kwanza waulizalo ni khabari ya kidonda cha juu: je, kimekauka? Nyuzi zimekwisha kutolewa? Wakiambiwa kimekauka humshukuru Mwenyezi Mungu, wakarudi majumbani nyoyo zao zimetulia. Nao wana haki ya kushukuru. Lakini kidonda kile wakionacho mara nyingi sicho chenye khatari kubwa. Khatari imo katika kidonda cha pili, kilichomo ndani, pale utumbo ulipokatwa ukashonwa, nacho hapana akionaye, hata daktari mwenyewe baada ya kulifunga tumbo.

Mas'ala haya ya kidonda cha ndani, namna kinavyoungana na namna kinavyoharibika, yamewashughulisha matabibu tangu zamani sana. Na katika waliyoyaandika kwa uwazi na kwa ukweli ni Mwislamu mmoja wa Andalus, ambaye jina lake tumezoea kulisikia katika khutuba za kujifakharisha, lakini wachache katika sisi wajuao alifanya nini khasa. Kwa hivyo tumeona tueleze khabari zake.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, na hunasibishwa kwa Ansari wa Madina. Wazungu walilipotoa jina la Abul-Qasim wakamwita Albucasis. Huko kuitwa Az-Zahrawi ni kwa ajili ya mji wa Madinatuz-Zahraa, ulio karibu na Qurtuba, ambao Khalifa Abdulrahman An-Nasir alianza kuujenga katika mwaka wa 936, sawa na mwaka 325 wa Hijra. Wanaoandika tarekhe husema kuwa tabibu huyu naye alizaliwa kwenye miaka hiyohiyo. Alikulia katika zama ambazo Qurtuba ilikuwa na taa za barabarani, na mahamamu, na soko la vitabu. Na Al-Hakam, mwana wa An-Nasir, aliyetawala kutoka 961 hata 976, alikuwa mtu wa kupenda vitabu kuliko kupenda vita.

Waliomtaja miongoni mwa wanavyuoni wa mji wake si wengi. Ibn Hazm, aliyezaliwa Qurtuba katika mwaka wa 994, alikisifu kitabu chake kwa sifa kubwa katika risala aliyoitunga juu ya fadhila za Andalus. Na mwanafunzi wake Ibn Hazm, Al-Humaidi, aliyefariki mwaka 1095, akamtia katika kitabu chake cha khabari za watu wa Andalus kwa maneno machache tu. Baki ya tunayoyajua twayapata kwa mwenyewe, kwani alikuwa na desturi ya kueleza katika kitabu chake yaliyompata yeye na wagonjwa wake, mazuri na mabaya.

Kitabu hicho ni At-Tasrif. Kina makala thalathini, nacho alikikamilisha baada ya kuifanya kazi ya utabibu kiasi cha miaka khamsini, kwenye mwaka wa 1000. Makala nyingi ndani yake ni za dawa na michanganyiko yake. Ya thalathini, ambayo ni ya mwisho, ndiyo ya kupasua. Imegawika milango mitatu: wa kwanza ni wa kuchoma kwa chuma cha moto, wa pili ni wa kupasua na kutoboa na kupiga chuku na kutibu majeraha, na wa tatu ni wa kuunga mifupa. Ndani yake amechora sura za ala kiasi cha mia mbili, visu na misumeno na koleo na sindano na ndoana, kila moja akaeleza imetengenezwa kwa kitu gani na hushikwaje. Kabla yake hakuna kitabu kilichohifadhika chenye michoro ya ala kwa wingi namna hiyo.

Sababu iliyomfanya aitunge makala hiyo ameitaja mwanzoni mwake. Aliona kuwa kazi ya kupasua imekufa katika nchi yake. Waifanyao hawakusoma, na waliosoma hawaifanyi. Akaeleza aliyoyaona kwa macho yake. Tabibu mmoja mjinga alikata uvimbe katika shingo ya mwanamke, akakata mishipa ya damu, na yule mwanamke akafa mikononi mwake. Mwengine alimtoa mzee jiwe la kibofu, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee akafariki baada ya kiasi cha siku tatu. Na huyo mzee Az-Zahrawi mwenyewe alikuwa amekwisha kuitwa kumtibu, akakataa, kwa alivyoona ukubwa wa jiwe na hali ya mgonjwa. Kwa sababu hiyo akawausia wanafunzi wake, ambao huwaita wanangu, wasome kwanza umbo la mwili, wajue kila mfupa na kila mshipa na mahali pake, na wasiingie katika kazi yenye khatari kwa tamaa ya mali. Mtu wa namna hii, anayeandika aliyoyakataa kama aandikavyo aliyoyafanya, ni wa kusadikiwa.

Sasa tuje katika mlango wa jeraha za tumbo. Jeraha hizo wakati ule zilikuwa nyingi, za mikuki na majambia. Az-Zahrawi ameeleza kwamba utumbo ukitoka nje, huenda ukawa mgumu kurudi kwa moja katika mambo mawili: ama tundu ni dogo, ama utumbo umepigwa na baridi ya hewa ukafura. Kwa hilo la pili ameamrisha uoshwe kwa maji ya vuguvugu, kwa sponji au kitambaa laini, hata ulegee. Kwa la kwanza, lipanuliwe tundu kidogo kwa kisu alichokichora makhsusi, ambacho ncha yake haikutiwa makali ili kisiutoboe utumbo. Na namna ya kumlaza mgonjwa ameieleza: ikiwa jeraha ni chini, miguu iinuliwe juu ya kichwa, ikiwa ni juu, kichwa kiinuliwe, ili matumbo yaliobaki yajikusanye upande mwengine, yasimsukume anayeshona. Jambo dogo hilo, lakini mtu haliandiki ila awe amekwisha kusimama mbele ya tumbo lililo wazi.

Katika mlango huohuo yumo mtu aliyechomwa kisu katikati ya tumbo. Jeraha lilikuwa kubwa kama shibiri moja, na utumbo uliotoka ulikuwa kiasi cha shibiri mbili, nao ulikaa nje usiku na mchana. Matabibu walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Az-Zahrawi akaurudisha, akashona. Hakuwa na marhamu wala dawa yoyote, kwani alikuwa mahali pasipopatikana kitu. Akawa akiweka pamba mara mbili kwa siku na akiosha kwa maji ya asali. Jeraha likaungana katika kiasi cha siku kumi na tano, na mtu yule akaishi miaka mingi akenda katika shughuli zake. Lazima tuseme kwamba utumbo wa mtu huyu ulitoka nje tu, haukukatwa. Ungalikatwa, mambo yangalikuwa mengine, na Az-Zahrawi mwenyewe alilijua hilo.

Kwa utumbo uliokatwa ametaja njia mbili. Ya kwanza ameipokea kwa watu wa tajriba: kuchukuliwa siafu wenye vichwa vikubwa, midomo ya jeraha ikakusanywa pamoja, siafu akawekwa juu yake hali amefungua taya zake, anapouma, hukatwa kichwa, na kichwa hubaki kimeshika. Kisha wa pili kando yake, na wa tatu, hata jeraha lote lifungike. Utumbo hurudishwa ndani pamoja na vichwa vile. Aliyepata kuumwa na siafu shambani, akamng'oa mwili kichwa kikabaki katika ngozi, hatalistaajabia jambo hili. Nalo si la Waarabu peke yao. Wahindi walilitaja kabla yao katika kitabu cha utabibu kinachonasibishwa kwa Sushruta.

Njia ya pili ni kushona kwa uzi uliotolewa katika utumbo wa mnyama, uliokwanguliwa ukawa mwembamba. Uzi huo ni laini, hauingii katika tundu la sindano. Kwa hivyo hufungwa kwenye ncha ya uzi wa kitani uliosokotwa, kitani kikatiwa katika sindano, na uzi wa utumbo ukafuata nyuma yake. Waliomtangulia katika kutumia nyuzi za matumbo walikuwako. Yeye alieleza namna ya kufanya, hatua baada ya hatua, ili mtu aweze kuifuata.

Kisha akaongeza neno lililotupendeza kuliko yote katika mlango ule. Alisema kwamba kushona huku, kwa siafu na kwa uzi, ni jambo la kutarajia tu. Na jeraha likiwa kubwa, khasa katika utumbo mwembamba, hana hila kwalo. Na ile sehemu ya utumbo mwembamba ambayo Waarabu wameiita As-Saim, yaani mwenye kufunga, kwa kuwa mara nyingi hukutwa tupu, alishika kauli ya wa kale kwamba ikitoboka haiungani kabisa.

Hapa ndipo elimu iliyokuja baadaye ilipomkhalifu, na hapana aibu kulisema. Utumbo mwembamba huungana vizuri sana, kwa kuwa damu yake ni nyingi. Sehemu zenye matata zaidi ni umio, ambao haukufunikwa na ule utando wa nje ulioyafunika matumbo mengine, na mwisho wa utumbo mpana kule chini karibu na njia ya kutokea. Walakini tabibu wa zama zile aliona wagonjwa wake wakifa, na kufa kwao kulikuwa kweli. Tundu likivuja, maji ya utumbo mwembamba yenye nyongo humwagika ndani, na asiyekuwa na nusukaputi wala dawa za kuua vijidudu hana la kufanya. Alikosea katika sababu, hakukosea katika aliyoyaona.

Na utumbo huungana vipi? Ukuta wake una tabaka nne. Ya ndani ni ule utando wenye ute unaopokea chakula. Inayofuata ni tabaka ngumu ya nyuzinyuzi zilizosukwa, yenye mishipa ya damu. Ya tatu ni misuli isukumayo chakula, na ya nne ni utando mwembamba wa nje, unaong'ara. Katika mwaka wa 1826 Mfaransa aitwaye Lembert alionyesha kwamba pande mbili za utumbo zikikutanishwa kwa ule utando wa nje, hugandamana upesi na kuziba. Na katika mwaka wa 1887 Mmarekani aitwaye Halsted alionyesha, kwa kujaribu juu ya mbwa, kwamba inayoushika mshono kwa nguvu ni ile tabaka ya pili. Sindano isiyoifikia hiyo haikufanya kitu, kwani misuli hukatika na utando wa ndani huchanika. Nasi twastaajabu kuona kwamba uzi wa utumbo wa kondoo, ule wa Az-Zahrawi, umetengenezwa kwa tabaka hiyohiyo ya pili. Basi ilikuwa ni kushona kitu kwa jinsi yake.

Wazee wetu wa Pate na Faza na visiwa vya Wabajuni walikuwa wakiunda mitepe, vyombo visivyokuwa na msumari hata mmoja, mbao zake zikishonwa kwa kamba za makumbi. Fundi wa mtepe hakusifiwa kwa uzuri wa mishono, alisifiwa chombo kisipovuja. Kamba ikiwa legevu, maji huingia. Ikikazwa mno, hukata ubao. Utumbo nao ndio hivyo: mshono ukilegea huvuja, ukikazwa mno huinyima nyama damu, ikafa, ukavuja pia. Lakini mbao za mtepe haziungani kamwe. Kamba ikioza, chombo kimekwisha. Utumbo una uhai. Uzi haukuwekwa ila kushika siku chache, hata nyama yenyewe ijiunge, kisha uzi uyeyuke uende zake.

Na siku hizo chache ndizo za khofu. Katika siku tatu au nne za mwanzo mwili hupeleka damu na askari zake mahali palipokatwa, kusafisha vilivyokufa. Katika kusafisha huko hula hata zile nyuzinyuzi za zamani, na nyuzinyuzi mpya bado hazijatosha. Kwa hivyo mshono huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Baadaye chembe za mwili hufuma nyuzinyuzi mpya, na nguvu hurudi upesi, upesi kuliko ngozi. Kwa ajili hiyo mgonjwa aliyekuwa akiendelea vyema huweza kubadilika kwenye siku ya tano, au ya saba: homa, moyo kwenda mbio, tumbo kufura na kuwa gumu, maumivu kuzidi. Kidonda cha juu kimekauka, na jamaa wamekwisha kutuma salamu kuwa mgonjwa ni mzima. Alama hizo zikionekana, aambiwe daktari saa ileile, hata ikiwa ni usiku, na hata ikiwa mgonjwa amekwisha kurejea nyumbani.

Mambo yanayousaidia mshono wa ndani si siri. La kwanza ni damu yenye kufika vizuri, na tumbaku huipunguza. Mwenye kuvuta sigara aache kabla ya kupasuliwa, na asirejee baada yake. Mwenye maradhi ya sukari ayatawale. Chakula cha kujenga mwili, samaki na mayai na maziwa na kunde. Na matunda, ndimu na machungwa na mapera, kwani bila ya vitamini iliyomo ndani yake mwili hauwezi kuzifuma nyuzinyuzi hizo sawasawa. Mabaharia wa zamani waliokaa baharini miezi bila ya matunda walikuwa wakiona makovu yao ya zamani yakifumuka. Zamani mgonjwa alikuwa akinyimwa chakula siku nyingi. Siku hizi madaktari wengi humruhusu mapema, hata siku ya pili yake. Lakini ruhusa iwe yao, isiwe ya shangazi aliyekuja na bakuli la uji chini ya buibui.

Hapa hatuna budi kulisema jambo linalotuudhi. Katika visiwa vyetu mtu akishikwa na tumbo, likafura, akatapika, asipate choo wala upepo, kwanza hupewa haluli; haikufaa, hukandwa tumbo kwa mafuta; haikufaa, huandikiwa kombe; na akhiri ya mambo, siku ya tatu, hutafutwa chombo cha kumpeleka Amu, maji yakiwa yametoka na mashua imekaa juu ya mchanga. Utumbo uliojipinda, au uliotoboka, haungojei. Haluli humzidishia, na kumkanda ni kumwaga sumu ndani. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, wala hapana akatazaye. Asomewe njiani, ndani ya mashua. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wajitibu, na wala hakuwaambia kwamba kujitibu ni upungufu wa kutawakali. Nao wanaosema kuwa kupasuliwa ni mambo ya Wazungu, wasome makala ya thalathini ya At-Tasrif.

Wengine hutia shaka katika uzi, wakaogopa kushonwa kwa kitu najisi. Ule wa zamani ulikuwa wa matumbo ya kondoo au ng'ombe. Na nyuzi nyingi za leo hutengenezwa viwandani bila ya mnyama, nazo huyeyuka vilevile. Mwenye shaka na amuulize daktari wake. Hilo ni bora kuliko kukimbia. Na ziko siku hizi mashine zipigazo vipini vidogo vya chuma vilivyojipinda, safu mbili mbili, katika utumbo. Ya kwanza ilitengenezwa na Hültl wa Hungaria katika mwaka wa 1908. Anayevitazama vipini vile hukumbuka taya za siafu.

Az-Zahrawi hakuutibu utumbo peke yake. Alifunga meno yaliolegea kwa uzi wa dhahabu, akitoa sababu kwamba dhahabu haigeuki. Alieleza kijiji ambacho wanaume wake wakijeruhiwa damu haikatiki hata wafe, na maradhi hayo leo yajulikana kuwa hurithiwa. Na alimshona koo mtumwa wa kike aliyejichoma kisu, akapona, haukumbakia ila ukwaruzo katika sauti.

Mwisho wa umri wake ulikuwa wa fitina. Katika mwaka wa 1009 Waislamu wa Qurtuba waligeukiana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka uliofuata Madinatuz-Zahraa ikavunjwa na kutekwa nyara, haijatimiza hata miaka themanini. Yeye alifariki baada ya mwaka 400 wa Hijra. Wengi wameutaja mwaka wa 1013. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kitabu chake kilitoka nje kuliko kilivyobaki ndani. Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka 1187, alikigeuza kwa Kilatini huko Toledo makala yake ya kupasua, na Mfaransa Guy de Chauliac, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1363, alimtaja zaidi ya mara mia mbili. Ilipigwa chapa Venice mwaka 1497. Miongoni mwa Waislamu, Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya, katika nchi ya Waturuki, aliijengea juu yake kitabu chake cha Kituruki katika mwaka wa 1465, akachora wagonjwa na matabibu ndani yake. Maandishi yake ya Kiarabu yalipigwa chapa Oxford mwaka 1778, na mara nyengine London mwaka 1973 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Chapa zote hizo mbili zilitoka mikononi mwa Waingereza.

Magofu ya Madinatuz-Zahraa yalianza kufukuliwa katika mwaka wa 1911, na sehemu yake kubwa ingali chini ya udongo. Aliyepata kutembea Takwa, au katika magofu ya Pate baina ya mashamba ya tumbaku, anaweza kukisia yalivyo.